Hatamu Mgongoni: Je, Falling Skies Inawafaa Vijana wa Dzaleka?

Huko Marekani, tamthilia ya Falling Skies ilipewa alama ya TV-14, yaani mzazi asimwachie mtoto wa chini ya miaka 14 aitazame peke yake. Alama hiyo hupima yanayoonekana na kusikika: damu, matusi, miili. Kwa kipimo hicho tamthilia hii, iliyorushwa na televisheni ya TNT kuanzia 2011 hadi 2015, haitishi sana; risasi zinarindima, lakini kamera haigandi juu ya kidonda. Kwa vijana wa Dzaleka kipimo hicho kinabonyeza pasipouma. Kambi hii ya wakimbizi ya wilaya ya Dowa nchini Malawi, kaskazini mwa Lilongwe, ilifunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za utawala wa Rais Kamuzu Banda, na sasa inabeba watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kijana aliyelelewa humo hatahangaika sana na sura ya viumbe kutoka anga za mbali. Atataka kujua yaliyompata mtoto aliyechukuliwa, na kama akirudi nyumbani atapokelewa.

Na hapo ndipo watunzi walipoweka uzito wote. Robert Rodat aliyeibuni, na Steven Spielberg akiwa mmoja wa watayarishaji wakuu, hawakufungua hadithi kwa miji kuteketea. Uvamizi wa viumbe wa anga umekwishapita, tunausikia kwa sauti za watoto wanaosimulia michoro yao wenyewe. Kisha tunamfuata Tom Mason, mhadhiri wa historia wa Boston, mjane mwenye wana watatu, na wa kati, Ben, yuko mikononi mwa wavamizi. Watekaji huwafunga watoto hatamu hai mgongoni, kitu kama jongoo mkubwa aliyezamisha miguu kwenye uti, na kuanzia hapo mtoto hutii na kuokota vyuma chakavu kutwa nzima. Ajabu ni kwamba viumbe hao huwalaza watoto pamoja na kuwakumbatia usiku. Mtunzi mvivu angewafanya wakatili mwanzo mwisho. Humu mtekaji anabembeleza, ndiyo maana Rick, mvulana mwingine aliyefunguliwa hatamu, anatamani kurudi kwa watekaji na anamwona baba yake kama mgeni. Ben naye anarudi na miiba ikiwa imebaki mgongoni, ana nguvu zisizo za kawaida, na wapiganaji wa upande wake wanamtazama kwa jicho la mashaka. Wavulana wawili wametoka kwenye utumwa mmoja na hawafanani, na tamthilia haiharakishi kupona kwa yeyote kati yao.

Jambo hili si la kubuni kwa mtu wa mashariki ya Kongo. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri. Familia zinazoijua habari hiyo kwa majina na nyuso haziwezi kuitazama hatamu ya Ben kama mchezo wa vipodozi vya filamu. Kigumu zaidi ni sehemu ya 6 na ya 7 za msimu wa kwanza. Mpiganaji aitwaye Clayton anafika na habari za mahali salama, anashauri watoto watangulizwe huko, kumbe ana mapatano ya kuwakabidhi kwa wavamizi. Hakuna kiungo kinachokatwa mbele ya macho yetu, ila kwa maoni yangu ndicho kipande kizito kuliko vyote: binadamu anauza watoto kwa jina la kimbilio, mbele ya kijana ambaye kimbilio ndiyo anwani yake.

Kuna watakaosema basi ifungiwe kabisa, maana inatonesha vidonda. Hoja hiyo naiheshimu, na kwa mtoto aliyetenganishwa na wazazi wake njiani, au aliyewahi kutekwa, naikubali moja kwa moja: asiwekewe. Lakini kwa wengine kimya hakiponyi, na ni tamthilia chache zinazomwonyesha baba akisimama na mtoto ambaye kundi zima linamshuku. Wengine watasema vijana waliozaliwa kambini hawakuiona vita, kwa hiyo hii kwao ni burudani tu. Hawa wanasahau Mei 2023, wakimbizi walipokamatwa Lilongwe na kurudishwa Dzaleka kwa nguvu, watoto wakiwa miongoni mwao, maduka yakiachwa yamefungwa. Kufukuzwa mahali ulipodhani ni pako si simulizi la wazee peke yao. Wapo pia wanaosema simu zimekwishawaonyesha vijana mabaya kuliko haya. Ni kweli, ila kipande cha dakika moja hakimfungi mtu kwa mhusika. Tamthilia inayojengwa juu ya wahusika inamfanya kijana ampende Ben kwanza, ndipo imuumize, kwa hiyo uzito wake hauwezi kulinganishwa na wa video ya kupita.

Uamuzi wangu ni huu: msimu wa kwanza unafaa kwa miaka 14 na kuendelea, mtu mzima wa nyumbani akiwepo, na si lazima ahubiri. Sehemu ya 6 na ya 7 zitazamwe kwa mkao mmoja. Anayezima baada ya ile ya 6 anamwacha kijana akalale na Clayton kichwani, kabla hajaona watoto wenyewe wakishtukia hila na kukimbia, na Mike, baba yake Rick, akifa akiwalinda watoto.