Fundi wa Masolo

Kwenye kilio cha Lubumbashi, karatasi husomwa kwanza. Kijana wa familia mwenye Kifaransa cha shule anasimama, anasafisha koo, anasoma: marehemu alizaliwa mwaka huu, alisomea pale, aliingia kampuni ya madini ya Gécamines kwa matrikuli hii, yaani namba ya kazi, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Tunasikiliza kwa adabu. Nimehudhuria vilio vingi, na sijaona mtu aliyelizwa na matrikuli.

Marehemu mwenyewe hufika usiku. Naviundu, mtaa wenye jina moja na mto wake, ni mahali pazuri pa kumngojea. Mji huu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na Julai baridi yake haina mzaha, kwa hiyo hakuna anayekaa mbali na moto. Wanaume wanazunguka gogo uani, wanawake wako barazani na mbabula zao, majiko ya makaa, chai inapita, na mtu mmoja anaanza masolo, yaani masimulizi. Hakuteuliwa na yeyote, ila akichelewa kufika watu huulizana yuko wapi.

Fundi mmoja wa aina hiyo nilimsikia akisimulia habari za jirani yake marehemu, mzee wa baiskeli. Siku ya arusi ya mpwa wake, mzee aliufikia mto mvua imeshanyesha, akalitazama daraja la mbao, akatikisa kichwa. Hakuliamini. Akajitwika baiskeli begani, akaingia majini na kostimu yake. Hapo msimuliaji aliinuka, akapandisha suruali kidogo, akatembea hatua tatu kama mtu anayepapasa mawe kwa kisigino. Watu walishaanza kucheka. Mwendo ule waliujua.

“Kostimu ya kijivu,” akasema.

“Ya bluu, Yaya,” mmoja akamkatiza kutoka upande wa pili wa moto.

“Kijivu.”

Akanyamaza. Akainama kusogeza gogo ambalo halikuhitaji kusogezwa. Sauti ikatoka barazani, ya mjane, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno: “Ilikuwa ya kuazima. Alicheza mpaka ikakauka, akairudisha usiku uleule, mwenye kostimu asijue.”

Baadaye nilitambua kwamba msimuliaji alijua fika kostimu ilikuwa ya nani. Alikuwa amemwachia mama nafasi yake. Kusema vizuri wengi wanajua. Yeye alijua pa kukomea, ili mwenye kisa aingie, na akishaingia asiharakishwe. Mtu wa kusifu tu hawezi kazi hii. Ukisema marehemu alikuwa mkarimu, mcha Mungu na mpenda watu, hakuna wa kukukatiza, na asiyekatizwa hapati kitu kipya.

Mji wetu unahitaji ufundi huu kuliko kijiji. Kijijini mtu huzaliwa na kufa mbele ya macho yaleyale. Lubumbashi ni mji wa wageni tangu mwanzo: kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, ikawapanga kambini, ikawagawia posho. Baba wa hapa anajulikana vipande vipande. Mwenzake wa kazini anamjua mbele ya tanuru, wa kanisani anaijua sauti yake, mjomba wa Likasi anamjua alipokuwa hana kitu. Halafu mwaka 2003 Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilipoanza kuwaondoa watu kwa mpango ulioitwa wa hiari, zaidi ya 10,000 kwa jumla, wengi walishika jembe au biashara ndogo, na maisha hayo mapya yakapata mashahidi wengine kabisa. Hao wote hukutana mara moja tu, kwenye kilio. Asipokuwepo wa kuwachokoza waseme, kila mmoja anarudi nyumbani na kipande chake.

Ufundi wenyewe ni wa kale hapa kwetu Katanga. Waluba walikuwa na lukasa, kibao cha kushika mkononi kilichopambwa shanga. Wataalamu wa chama cha Mbudye walizipapasa kwa vidole wakisimulia wafalme na safari zao. Shanga zilibaki zilezile, lakini masimulizi yalifuata msimuliaji, wasikilizaji na haja ya siku hiyo. Mjini, picha za kuchorwa zilizoitwa ukumbusho zilifanya kazi hiyo ukutani sebuleni: mgeni anauliza, mwenye nyumba anaanza. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa mji huu aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia nzima ya nchi katika picha zipatazo mia moja, mwaka 1973 na 1974, akazisimulia moja baada ya nyingine kwa Kiswahili mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Alisimulia vifo vingi, cha Lumumba kikiwemo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika. Hilo linanisumbua: mtu aliyewasimulia wengine hivyo, sijui kama uani kwake paliwekwa moto.

Siku hizi walio Ndola au Johannesburg hutuma masimulizi yao kwa simu, sauti iliyorekodiwa. Nilidhani ingeua ufundi, maana sauti ya simu haikatizwi. Usiku ule wa mzee wa baiskeli simu iliwekwa juu ya kiti cha plastiki, mpwa mmoja akawa anasimulia kutoka mbali jinsi mzee alivyomfundisha kuziba pancha, nyumbani kwake Kolwezi.

“Kolwezi?” tantine mmoja akaiuliza simu. “Kolwezi alikaa lini?”

Simu ikaendelea.

“Simamisha hiyo,” akamwambia kijana. “Mwambie ilikuwa Kipushi. Na mwambie aanze upya, tena aseme na ile mbwa.”