Stadi ya Kuiacha Kazi Ikiendelea

Katika zama ambazo Songea iliangaziwa na mitambo ya dizeli, kabla njia kuu ya umeme kutoka Makambako haijaifikia mwaka 2018, mtu aliyeketi Ruhuwiko, jirani na kiwanja cha ndege, akaiamrisha kompyuta iliyoko Dar es Salaam hesabu ya usiku kucha, alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Kwani umeme ukizimika huku na mawasiliano yakakatika, kazi ya kule yaweza kufa ilhali mashine yake ni nzima.

Asili ya mauti hayo ni simu. Terminali za kale aghalabu ziliungwa kwa waya wa simu, na waya ulipokatwa, mfumo wa Unix ulizipelekea programu ishara iitwayo HUP, kuziarifu kuwa aliyeziamuru ameondoka. Na programu isiyoagizwa vinginevyo, ikiipokea, hukoma papo hapo. Tangu toleo la nne la Unix, mwaka 1973, ipo amri ya nohup, ambayo huifanya programu isiijali ishara hiyo, na matokeo yake yakaandikwa katika faili.

Hata hivyo naitukuza zaidi programu ya screen, waliyoiandika Oliver Laumann na Carsten Bormann huko Berlin mwaka 1987, na mdogo wake tmux, aliyoianzisha Nicholas Marriott mwaka 2007, kwa kuwa hizi haziishii kuinusuru kazi, bali huihifadhi terminali yenyewe kule kule kwenye seva. Mtu akajitenga kwa taratibu, na kesho, hata kwa kompyuta nyingine, akaandika tmux attach, akaikuta hesabu yake ikiendelea na maneno yake yote kiooni.

Fundi wa matofali huku kwetu hawashi tanuri lake akaondoka vivi hivi. Kwanza huziba midomo yake kwa udongo. Stadi ninayoisifu nayo hutangulia kuondoka. Hodari hukipa kikao chake jina, huyaelekeza makosa kwenye faili, na huifunza programu kuandika diskini mara kwa mara ilipofikia, maana seva yenyewe ikizimika, si nohup wala tmux itakayoiokoa. Na panapotumika systemd, programu inayosimamia mfumo wa Linux, ikiwa imeamriwa kuzifagia kazi zote za aliyetoka, humwendea msimamizi mapema, akaomba kwa adabu afunguliwe idhini ya loginctl enable-linger, kisha akaianzisha tmux kwa systemd-run --user --scope, ili isifagiliwe pamoja na kikao alichoingilia.