Muhuri wa Nero na Mwili wa Laocoon

Plaketi ni kibao kidogo cha madini, aghalabu bronzi, chenye picha iliyochomoza upande mmoja, na upande wa pili kwa kawaida hauna kitu. Nyingi zaweza kufunikwa kwa kiganja cha mkono. Zilisubiwa kwa wingi katika miji ya Italia tangu katikati ya karne ya 15 hata katikati ya karne ya 16, katika zama za Renesansi, wasomi na matajiri waliposhikwa na shauku ya kila kitu cha Wayunani na Warumi wa kale. Watu walizipachika kofiani, kwenye vitako vya panga, kwenye vidau vya wino na juu ya majalada ya vitabu. Jina lenyewe ni la Wafaransa wa karne ya 19. Na tangu Émile Molinier alipotoa orodha yake mwaka 1886, hata John Pope-Hennessy alipoziorodhesha zile za mkusanyo wa Kress, Washington, mwaka 1965, swali lililowashughulisha sana wataalamu ni hili: nani alizitengeneza, na wapi? Ni swali la haki, wala sikusudii kulidharau. Lakini liko jingine ambalo kwetu sisi tunaofanya kazi ya maneno lina uzito zaidi: picha ya kale ilipofika mikononi mwa mafundi hao, je, maana yake ilifika pamoja nayo?

Tuanze na kito kimoja cha akiki nyekundu, kisichozidi sana sentimita 4, ambacho baadaye kiliingia katika hazina ya Lorenzo de' Medici na ambacho leo kimo katika Makumbusho ya Akiolojia ya Naples. Wamechongwa humo watu watatu. Apollo amesimama na kinubi chake. Marsyas, aliyethubutu kushindana naye kwa zumari akashindwa, amefungwa mtini akingoja kuchunwa ngozi. Kijana Olympus amepiga magoti akimwombea mwalimu wake. Ni picha ya ukatili mkubwa iliyochongwa kwa utulivu mkubwa.

Lorenzo Ghiberti, yule fundi wa milango ya bronzi ya nyumba ya ubatizo huko Florence, alikitengenezea kito hiki fremu ya dhahabu yapata mwaka 1428, na katika maandiko yake ametueleza jinsi alivyokifahamu. Kwake yeye, aliyefungwa ni mzee, aliyesimama ni kijana, na anayepiga magoti ni mtoto anayeomba kufundishwa; wote watatu ni nyakati tatu za umri wa binadamu. Tena akaizungushia fremu yake herufi za kale zenye jina la Kaisari Nero, ilhali wataalamu wa leo wanakikadiria kito kuwa cha zama za Augusto, kabla Nero hajazaliwa. Kwa hiyo katika tendo moja la heshima maombi ya kuokoa roho ya mtu yaligeuka kuwa maombi ya elimu, na muhuri ukapewa mwenyewe asiye wake. Kisha plaketi zikasubiwa kutokana na kito hicho, nyingine zikiwa na maandishi yale yale, na kosa likasafiri pamoja na picha. Botticelli alikichora kito hicho hicho kikining'inia kifuani mwa mwanamke, katika picha iliyoko Frankfurt.

Sasa, hakuna nakala aminifu kuliko hii. Nta hukandamizwa juu ya kito, na kile kilichozama katika jiwe huchomoza katika nta; nta huzungushiwa udongo, hutiwa motoni ikayeyuka na kutoka, na bronzi humiminwa mahali pake. Hapana mkono wa mtu uliochora mstari hata mmoja. Hasara iliyopo ni ya madini tu: bronzi hunywea ikipoa, na nakala itolewayo katika nakala huwa ndogo kidogo na hafifu kidogo kuliko mama yake. Aliyewahi kulinganisha miswada ya utenzi mmoja ataitambua hali hii, ila kwa tofauti moja: pale mwandishi hukosea neno ingawa anakijua kisa, na hapa kalibu haikukosea unywele, bali kisa ndicho kilichopotea.

Mwenye kuonyesha njia nyingine ni Moderno, ambaye wengi humtambua kuwa ndiye Galeazzo Mondella, sonara wa Verona (1467–1528). Huenda alijiita hivyo, "wa kisasa", kwa kumjibu mwenzake wa Mantua aliyeitwa Antico, "wa kale". Kazi yake iliyo bora ni Kupigwa Mijeledi kwa Kristo, ya fedha iliyopakwa dhahabu sehemu sehemu, iliyoko Vienna. Kimo chake hakifiki sentimita 15, na nakala zake za bronzi zipo pia. Mwili wa Kristo hapo umetokana na sanamu ya Laocoon, iliyofukuliwa Roma mwezi wa Januari 1506.

Mpenda usahihi atasema Moderno ameiba. Mimi naona amesoma. Laocoon alikuwa kuhani wa Troya; aliwaonya watu wake juu ya farasi wa mti, akasema kweli, na nyoka wakamwangamiza pamoja na wanawe. Moderno amewaondoa nyoka, akaweka mijeledi, na kisa cha kwanza kimebaki ndani ya cha pili. Mtazamaji asiyeijua sanamu huona mtu anayepigwa; anayeijua huona mwili wa mtu anayepambana na adhabu yake, umepewa yule aliyeikubali. Mgongano huo haumo katika akiki, wala haungeweza kutoka katika kalibu.

Sisemi kwamba ameushinda mgongano huo kabisa. Mwili ule una nguvu mno, na misuli yake ni ya mshindani wa mieleka. Jicho huvutwa kuusifu kabla ya kuuhurumia, na hata baada ya kuitazama picha hii mara nyingi bado sijui kama Moderno alilikusudia hilo, au kama jiwe la Roma ndilo lililomtawala mkono.