Hapo Tu, Nyuma ya Ukuta Ule

Kila aliyewahi kuuliza njia shambani anaijua "hapo tu". Mwenyeji huelekeza kwa mdomo, mgeni hutembea saa nzima, na hapo tu ingali mbele. Wazazi wanaotoka na watoto kwenda vilimani hutumia uongo huohuo, nao hufaa mara mbili. Mara ya tatu mtoto wa miaka sita huketi chini, huvua kiatu, na safari inakuwa imekwisha hata kama kilele kinaonekana.

Fundi hasemi hapo tu. Husema, "Nyuma ya ukuta ule kuna maji," na nyuma ya ukuta ule kuna maji kweli.

Kutembeza watoto ni ufundi, ingawa hauna karakana wala nyundo na hauachi kitu cha kupeleka sokoni. Ukifanywa vizuri hauonekani: watoto hudhani wameshinda wakicheza, na mtu mzima peke yake ndiye anayejua kwamba wamepanda, wameshuka na kurudi kabla ya mvua. Pa kuutazama vizuri ni Malham, kijiji kidogo cha North Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ndani ya hifadhi ya taifa ya Yorkshire Dales iliyoanzishwa mwaka 1954. Vilima vyake si virefu. Ni nchi ya mawe ya chokaa, malisho ya kondoo na kuta za mawe zinazopanda na kushuka mpaka macho yanachoka kuzifuata. Jumamosi ya kiangazi njia zake hujaa babu wenye mikongojo, mbwa, na watoto wachanga migongoni mwa baba zao.

Mzunguko unaopendwa na familia una urefu wa kama kilomita 8. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliwaachia wapanda milima kanuni ya kukadiria muda: saa moja kwa kila maili 3, na saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa hesabu hiyo Malham ni kazi ya saa mbili hivi. Kanuni ni nzuri, bado inatumika, lakini haina nafasi ya konokono. Mwenye watoto huanza asubuhi, hufungasha chakula cha mchana, na hahesabu kilomita kabisa. Huhesabu vituo.

Cha kwanza lazima kiwe karibu, na Malham imejaliwa. Njia hufuata kijito, huingia msituni, na katika majira ya kuchipua msitu mzima hunuka vitunguu saumu vya mwitu, harufu ambayo watoto huitangaza kwa sauti na kwa miaka mingi hawaisahau. Kando ya njia kuna magogo yaliyopigiliwa sarafu mpaka yamekuwa kama magamba ya samaki. Kisha maporomoko madogo, Janet's Foss, ambapo maji huteremka juu ya pazia la chokaa ambalo yamelijenga yenyewe, punje kwa punje. Wenyeji walisimulia kwamba nyuma ya pazia hilo anakaa Jennet, malkia wa vichimbakazi. Wachungaji nao walilitumia bwawa la chini yake kuoshea kondoo kabla ya kuwakata manyoya. Mtoto huambiwa yote mawili, achague mwenyewe.

Mbele kidogo ni Gordale Scar, korongo lenye kuta zinazozidi mita 100. Mchoraji James Ward alilichora kati ya mwaka 1812 na 1814 kwenye turubai yenye upana unaozidi mita 4, kama mtu aliyekata tamaa ya kulipunguza. Ndani ya korongo njia hupanda kando ya maporomoko, na hapo hutumiwa mikono pamoja na miguu. Hapa ndipo anapojulikana fundi na asiye fundi. Asiye fundi hutazama juu, huona vijana wakipanda, hujiambia kwamba mtoto wake naye ana nguvu. Fundi alishaamua nyumbani, juu ya ramani, kwamba hapa watakula mikate na kugeuka. Kugeuka kulikopangwa tangu jana hakuna uchungu wa kushindwa, na watoto huridhika wakiona wakubwa hawagombani.

Kutoka hapo njia hukata mashamba kuelekea juu, na kuta ndizo mchezo. Hazina saruji wala udongo: ni safu mbili za mawe zinazoegemeana, vijiwe vya kujazia katikati, na hapa na pale jiwe refu linalopenya upande hadi upande kuzifunga pamoja. Nyingi zilijengwa katika karne ya 18 na ya 19, malisho ya pamoja yalipogawanywa. Watu hupitia penye upenyo mwembamba ulioachwa kati ya mawe mawili yaliyosimamishwa, mwembamba kiasi cha kumzuia kondoo mnene. Mtoto hupita kama paka. Baba mwenye mkoba hukwama, na kicheko hicho kinatosha kuwasukuma watu mita 300 zaidi.

Ukimwacha mtoto asimame penye upenyo huo, ataona kitu. Kwenye uso wa jiwe, sawia na pua yake, huenda kuna viduara vidogo vyenye tundu katikati, kama shanga zilizomwagika kwenye uji ukagandia. Ni vipande vya shina la krinoidi, mnyama wa baharini wa ukoo wa kiti cha pweza, na kaskazini mwa Uingereza viliwahi kuitwa shanga za Mtakatifu Cuthbert. Jiwe lote ni kaburi la viumbe wa bahari, waliotua chini zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Tena haikuwa bahari ya baridi kama inayoizunguka Uingereza leo. Kipande hiki cha dunia kilikuwa karibu na ikweta wakati huo, na maji yake yalikuwa ya vuguvugu na ya kina kifupi. Mtu aliyekulia Lamu au Unguja, kwenye nyumba za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa ya tanuu, akifika Malham na makoti mawili mwilini, amekanyaga sakafu ya bahari inayofanana na ya kwao.

Milima mingine humlipa anayefika kileleni. Nchi ya chokaa hulipa njiani, tena hulipa chini, kwenye kimo cha mtoto, na ndiyo maana inawafaa watoto kuliko miamba mingi mirefu yenye sifa. Sababu ni maji. Mvua ikipita hewani na udongoni hubeba kaboni dayoksaidi na kuwa tindikali dhaifu. Mawe mengi huistahimili, chokaa huyeyuka. Wazazi wajanja hubeba kichupa cha siki. Tone moja juu ya kokoto, na vipovu vidogo vinachemka mbele ya macho. Ni kazi hiyohiyo iliyochimba mapango ya Amboni karibu na Tanga, na huku Malham imetoboa nchi mpaka mito inapotea. Maji yanayotoka ziwa la Malham Tarn hutiririka juu ya ardhi kidogo tu, kisha yanazama kwenye mawe. Zamani watu waliamini kwamba ndiyo yanayotokeza chini ya jabali la Malham Cove. Majaribio ya kuyafuatilia yakaonyesha kwamba hupita mbali zaidi na kuibuka kwenye chemchemi zilizo kusini mwa kijiji, na kijito cha chini ya jabali kina chanzo chake kingine.

Njia ya mashambani hufika juu ya jabali hilo, na hapo ndipo watoto hunyamaza. Mbele yao kuna uwanja wa mawe meupe ya kijivu, yaliyokatwakatwa na nyufa kama mkate uliokwisha kupimwa kwa kisu. Barafu ya kale ilikwangua udongo, mvua ikapanua nyufa. Nyingine zinafika magotini, nyingine zingemmeza mtoto mzima. Akilala kifudifudi na kuchungulia, hupokea pumzi ya baridi usoni, na humo gizani huona bustani: kangaga za majani marefu, mimea ya msituni iliyokimbia meno ya kondoo na upepo. Hakuna ubao wa maelezo unaoweza kumwonyesha hivyo.

Lakini mawe hayo yamesuguliwa na viatu vya watu wengi, na yakilowa yanateleza kama sabuni. Ukingo wa jabali hauna uzio, na chini yake ni kama mita 80 za hewa. Hapa maongezi hukatika. Kila mkono mdogo huingia kwenye mkono mkubwa, na fundi, ambaye tangu asubuhi hajatoa amri, sasa anatoa moja, kwa sauti ya chini, na anatiiwa kwa sababu hakuzitumia zote penye njia tambarare.

Kushuka ni ngazi za mawe zipatazo 400. Watoto huzihesabu na hesabu za ndugu wawili hazilingani kamwe. Kwenye ngazi hizo hupishana na wasafiri wa Pennine Way, njia ya kama kilomita 430 iliyozinduliwa kwenye nyanda za Malham mwezi Aprili 1965, wanaokwenda zao Skotlandi na mizigo mikubwa mgongoni, macho yakiwa kwenye hatua inayofuata. Wana haraka zao. Waliokawia huelekeza shingo juu, maana kozi hutaga kwenye jabali hili, na majira ya kuzaliana watu wa kujitolea wamekuwa wakisimamisha darubini chini yake ili kila apitaye achungulie.

Ukiwa chini ndipo unapoona ukubwa wa ukuta huu uliopinda, upana wake kama mita 300. Mwishoni mwa zama za barafu maporomoko makubwa yaliangukia hapa. Walio hai hawakuwahi kuyaona, hadi Desemba 2015, mvua kubwa ya tufani ilipojaza nyufa zote na maji yakaruka tena ukingoni kwa muda mfupi, kisha ukuta ukakauka. Siku za kawaida maji hayadondoki. Yanatoka kimyakimya chini ya mwamba, baridi kiasi cha kuumiza vidole.

Njia ya kurudi kijijini huandamana nayo. Kuna kidaraja cha kale, mabamba ya mawe yaliyolazwa juu ya nguzo fupi. Mtoto aliyekuwa akidai kubebwa dakika tano zilizopita anang'oa jani, analiachia majini, anauliza maji haya yametoka wapi. Mama anajua, amesoma. Anamjibu, "Hebu kwanza tuone jani lako litatokea wapi," na mtoto amekwisha kukimbilia upande wa pili wa kidaraja, amelala kifudifudi juu ya jiwe, analisubiri.