Zamu za Kijiweni

Dereva wa bodaboda akivunjika paja Dar es Salaam, mara nyingi wa kwanza kufika wodini si ndugu zake walioko mkoani, bali wenzake wa kijiweni. Wanaingia na kofia ngumu mkononi, wanauliza kama damu inahitajika. Anayetoa leo, kama ni mwanamume, atangoja miezi 3 ndipo atoe tena, hivyo hawatoi wote siku moja.

Kazi yenyewe huanza shamrashamra zikiisha. Paja likitibiwa kwa kuvutwa na uzito, mgonjwa hulala chali wiki 6 hadi 12. Kila baada ya saa chache lazima ainuliwe kiuno, afutwe jasho, shuka linyooshwe. Mkunjo tu unaweza kuanzisha kidonda. Muuguzi mwenye wodi nzima hawezi peke yake.

Basi wenzake hupeana zamu. Huyu huleta uji, yule humwaga chombo cha haja bila kukunja uso (hili si dogo kwa vijana hawa), mwingine huenda kumtuliza tajiri anayedai hesabu ya pikipiki.

Akisharuhusiwa, siku ya kliniki humpeleka kwa bajaji, maana goti limekakamaa. Nauli hiyo hakuna anayeiandika kwenye daftari la mchango.