"Sawa" Haitoshi: Istilahi za Simu ya Upepo Jeshini

Mfasiri akabidhiwapo mwongozo wa mawasiliano ya simu ya upepo jeshini, aghalabu hutafuta kisawe cha kila neno kamusini. Njia hiyo ina hatari. Katika taratibu za majeshi ya NATO, "roja" ina maana moja tu: ujumbe umepokewa. Akusudiaye pia kutii amri hutamka "wilko". "Sawa" yetu hubeba maana zote mbili. Kamanda ajibiwaye hivyo hajui kama amri yake itatekelezwa au imesikika tu.

Ndivyo ilivyo kwa "rudia". Taratibu hizo zina tamko moja la kuomba ujumbe usemwe tena, na jingine la kuamuru mizinga ipige tena. Tukiyafasiri yote mawili kwa "rudia", kosa la istilahi laweza kuwaua askari wetu wenyewe.

Kiswahili nacho kina mitego yake. "Tuvuke" na "tusivuke" hutenganishwa na silabi moja. Mkwaruzo wa simu ukiimeza, katazo hugeuka amri. "Sita" na "tisa" nazo hukanganya sikio.

Twapendekeza "nimepokea" na "nitatekeleza" zitengwe. "Sema upya" iombe ujumbe, na "rudia" iachiwe wapiga mizinga. Katazo lianze kwa neno linalojitegemea: "marufuku kuvuka". Tena, istilahi hizi zisisanifiwe mezani kabla ya kujaribiwa kwa sikio, simu ikikwaruza.