Alama 84 zina maana gani?

Nina karatasi mbili ndani ya faili moja la plastiki, lile lenye kifungo ambalo kila Mkenya huwekea cheti cha kuzaliwa. Ya kwanza ni ya mtihani wa piano wa gredi ya tatu, nilioufanya Mombasa nikiwa na miaka kumi na tano: 118 kati ya 150. Ya pili ni ya shindano moja la shule, miaka miwili baadaye, tulipocheza sengenya: 84 kati ya 100, nafasi ya tatu. Zote mbili zina mwandiko wa mtu nisiyemjua, aliyenisikia kwa dakika chache akaondoka zake.

Nimezisoma mara nyingi kuliko riwaya yoyote. Sasa nataka kuzisoma kama ninavyosoma vitabu hapa, yaani kama maandishi. Zinasema nini, na zinaficha nini?

Ile ya piano ni rahisi kuisoma. Bodi kongwe ya Uingereza, ABRSM, iliyoanzishwa 1889, imegawa mambo wazi: vipande vitatu vya alama 30 kila kimoja, skeli 21, kusoma noti papo hapo 21, mtihani wa sikio 18. Ukifika 100 umepita, 120 ni meriti, 130 ni distinksheni. Mimi nilipata 24, 23 na 25 kwenye vipande, 17 kwenye skeli, 14 kwenye kusoma noti, 15 kwenye sikio. Hesabu ukitaka. Mbili chini ya meriti, na ile 14 ndiyo alama ya kupita kamili, haikuzidi hata moja. Nililia kwenye feri ya Likoni, lakini sikuwa na la kulalamika. Nilikuwa sisomi noti vizuri na karatasi ikasema hivyo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni namna mtahini anavyofika kwenye namba. Haanzi kwenye 30 akikata kila kosa. Anaanza kwenye alama ya kupita, yaani 20, kisha anapanda au anashuka kulingana na anachosikia, akilinganisha na vigezo ambavyo wewe pia unaweza kuvisoma kabla ya siku yenyewe. Halafu kuna hili: si lazima awe anapiga ala yako. Mtu wa fidla anaweza kukupima kwenye klarineti. Hoja yao ni kwamba wanapima muziki unaotoka, hawapimi vidole. Weka hilo kando kidogo, nitalirudia.

Karatasi ya pili ni hadithi nyingine.

Sisi wa Kenya tumelelewa na tamasha. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, na mtoto wa Kwale anaweza kuanza kwenye zoni akiwa na kayamba iliyoazimwa, akafika taifani, na washindi wake hupelekwa kutumbuiza mbele ya Rais. Ukiwahi kukaa ukumbini matokeo yakisomwa kutoka mwisho kwenda juu unajua ule ukimya. Kuna watu wazima wenye watoto ambao bado wanakumbuka waliitwa wa ngapi.

Shindano letu lilikuwa dogo, na sitalitaja. Karatasi yetu ilisema: nguvu nzuri, mavazi mazuri, mistari inyooke, tabasamu zaidi, nzumari iangalie sauti yake. Basi. 84. Rafiki yangu wa shule iliyoshinda alinionyesha yao kwenye matatu ya kurudi Ukunda. Nguvu nzuri. Mavazi mazuri. Mpangilio mzuri jukwaani. 87. Tukaziweka magotini pamoja tukatafuta zile alama tatu zimekaa neno gani. Hatukuziona. Maneno yalikuwa pacha, namba hazikuwa.

Kama mkosoaji ningepokea makala ya namna hiyo ningeirudisha. Huwezi kuniambia kitabu hiki ni bora kuliko kile kwa sifa zilezile tatu. Namba inajifanya hitimisho la maneno, kumbe ilitangulia na maneno yakaja baadaye kuisindikiza.

Ila sitaki kumfanya yule mwamuzi kuwa shetani, kwa sababu mimi mwenyewe nimeketi kwenye ile meza. Nilialikwa kusaidia siku moja, watoto wa msingi, nyimbo za mtu mmoja mmoja, thelathini na mmoja tangu asubuhi. Mtoto wa kwanza, msichana mwembamba, aliimba vizuri sana. Nikampa 76. Kwa nini 76? Nilikuwa naacha nafasi juu. Ukimpa wa kwanza 88, akija aliye bora utampeleka wapi? Kufikia saa nane mchana nimeshiba wali, nimezoea ukumbi, nagawa 84 na 85 kama peremende. Nilikuwa nimewarekodi kwa simu. Usiku, nyumbani, nikamsikiliza tena wa kwanza, kisha wa kumi na tisa niliyempa 85. Wa kwanza alikuwa bora, na si kwa kidogo. Asubuhi nikampigia aliyenialika. Akanijibu kwa upole, “Mwalimu, matokeo yashasomwa.” Yule msichana hakuendelea.

Niliamini ni ugeni wangu tu, mpaka nikakuta kwamba ugonjwa huu umepimwa kwenye meza kubwa kuliko yetu. Huko Brussels kuna shindano la Queen Elisabeth, la wapiga piano na fidla wa hali ya juu duniani, na zamu ya kucheza hupangwa kwa kura. Mwaka 1996 watafiti wawili, Flôres na Ginsburgh, walichapisha uchambuzi wa matokeo yake ya miaka mingi: zamu inaathiri nafasi, na anayecheza siku ya kwanza ana bahati mbaya. Kura! Kikaratasi unachochomoa kwenye kofia. Halafu 2013 Chia-Jung Tsay akaonyesha jambo la ajabu zaidi: watu waliotazama video za washindani bila sauti walibashiri mshindi vizuri kuliko waliosikia sauti peke yake, na wanamuziki wenyewe walikuwa hivyohivyo, ingawa waliapa kwamba sauti ndiyo muhimu.

Nilipoisoma hiyo nikakumbuka “tabasamu zaidi”.

Hapa ndipo karatasi yetu inaponiuma. Hili si suala la alama tatu tena. Sengenya ni ngoma ya Wadigo. Kwenye vitabu vya sekondari utaikuta imetajwa pamoja na ala zake: ngoma, upatu, kayamba, nzumari. Nilipoiona mara ya kwanza, harusini karibu na Msambweni, hakukuwa na mistari. Watu walizunguka. Hakukuwa na mbele, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kutabasamia. Nzumari ndiyo iliyokuwa na amri: mpigaji amejaza mashavu, anavuta pumzi kwa pua huku sauti haikatiki, na akigeuza maneno ya ala wachezaji wanageuka. Tabasamu lilikuja pale mtu alipofurahi.

Kisha nenda hoteli ya Diani baada ya chakula cha jioni. Robo saa ya sengenya, wachezaji wamepangwa wakiangalia meza za wageni, wamenyooka, wanacheka, nzumari imewekwa pembeni isije ikawasumbua watu na kahawa zao. Sasa rudi kwenye karatasi ya shule. Mistari, mavazi, tabasamu, kuangalia mbele. Ni ngoma ileile ya hoteli! Simlaumu mchezaji wa hoteli, ana karo ya kulipa. Lakini walimu si wajinga, wanafundisha kinacholipwa alama. Baada ya misimu kadhaa watoto wanaijua sengenya kama kitu chenye mbele na nyuma. Karatasi iliyodai kuipima ngoma imeiandika upya.

Kwa hiyo watu wakidai tu kwamba alama ziwe za haki, yaani waamuzi wote wafanane, mimi nasita. Mzani wa dukani unaweza kutoa jibu lilelile kila siku na bado ukawa umetegwa.

Na ile “nzumari iangalie sauti yake”. Tulifundishwa na mzee mmoja wa upande wa Msambweni, ambaye alikuja shuleni kwa miguu yake, bila malipo, Jumamosi saba. Nilimsomea karatasi nikijikuna kichwa.

“Anasema nini, mjukuu wangu?”

“Anasema, babu, nzumari haikukaa kwenye sauti.”

“Sauti ya nani?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na piano kichwani, kama yule mwamuzi: hatua kumi na mbili zilizokatwa sawasawa kama mkate wa boflo. Akaninyooshea nzumari yake. Matundu aliyatoboa mwenyewe kwa kufuata vidole vyake. “Hii inajua ngoma zake. Ya kwake iko wapi tuisikie?” Hakukasirika. Ila msimu uliofuata tulipomwendea alisema miguu inamsumbua, na miguu hiyohiyo tuliiona harusini wiki mbili baadaye.

Sasa nairudia ile hoja ya ABRSM, kwamba mtahini hahitaji kupiga ala yako. Kwa piano na klarineti inaweza kusimama, maana wote wamekubaliana tangu zamani sauti safi ni ipi. Vigezo vimeandikwa juu ya makubaliano hayo. Sisi tulichukua meza, kalamu na namba bila makubaliano. Mwamuzi wa nzumari asiyejua nzumari hapimi “muziki unaotoka”. Anapima umbali wake kutoka kwenye piano.

Kuna mwenzangu anayesema dawa ni kuiandikia nzumari gredi zake, moja mpaka nane, vitabu na kila kitu. Naogopa. Mara tu utakapochapisha skeli ya nzumari, ile ya mzee itakuwa kosa rasmi badala ya kosa la mtu mmoja mwenye haraka. Mimi ningeanza na vitu vya bei rahisi. Andika maneno kwanza, namba baadaye. Rekodi wote, na kabla ya kujumlisha wasikilize tena wale watatu wa mwanzo. Tangu 2020 hata ABRSM ina mitihani ya kujirekodi video, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba simu ni mzaha. Na kwenye kila ngoma akae mezani mtu mmoja anayeicheza.

Hilo la mwisho nimelijaribu mwaka huu. Nimealikwa tena, nikaomba mzee aketi nami. Wameniuliza ana cheti gani. Mimi niliwatumia picha ya changu, ile 118, wakaridhika saa hiyohiyo. Yeye hana. Jumamosi napanda matatu kwenda Msambweni kumwuliza kama atakuja hata hivyo, akae kwenye kiti cha nyuma yangu.